Laini au Chale

Klabu nzima ya shabaha ilijua kwamba Msasa hapendi chale. Si chale za mwilini, hizo hakuwa na ugomvi nazo. Ni zile zinazochanjwa kwenye mpini wa bastola, mistari myembamba inayokatana mshazari mpaka mbao inatoka vijimiraba vyenye ncha kama ganda la nanasi, ili mkono wa mpigaji usiteleze. Yeye alikuwa mtu wa kulainisha. Mpini ukitoka mikononi mwake, nzi akitua juu yake angeteleza akavunjika mguu. Ndivyo alivyopata hilo jina la Msasa, na jina likamganda hata dada yake wa tumbo moja akaacha kumwita lile alilopewa na wazazi.

"Mbao ni ngozi," alikuwa akiwaambia wanachama waliomjia na maombi ya chale. "Nani anajaliwa ngozi nzuri halafu anaikwaruza?"

Wengi waliondoka na mpini laini, wakashukuru. Wengine waliondoka kimya wakaenda kununua mipini ya mpira madukani, wakamficha kama mtoto anavyoficha sahani aliyovunja. Jambo ambalo Msasa hakumwambia mtu ni kwamba ujanani alijaribu kuchanja chale, tena si mara moja, na kila mara mistari ilimtoka kama njia ya kuku. Kwa hiyo aliamua kuzichukia. Mtu akichukia kitu kwa muda mrefu, hatimaye husahau kwamba chuki hiyo ilianza kwa kushindwa.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya jengo la klabu, kikipakana na uwanja wa kulengea. Siku za mazoezi, kila risasi ilipolia, tupa zilizotundikwa ukutani zilitetemeka kidogo. Kulikuwa na dirisha moja, meza nene yenye jiliwa la kubania mbao, makopo ya vanishi yaliyokauka midomo, na rafu ya vipande vya mbao alivyovinusuru kwenye milango mikuukuu na vitanda vya watu. Dada yake ndiye aliyepokea wageni pale klabu, ndiye aliyepika chai, na ndiye aliyewaambia watu ukweli hata kama hawakuuomba. Waliishi nyumba moja tangu mke wa Msasa alipofariki. Dada mwenyewe hakuwahi kuolewa. Alisema hajaona mwanamume mwenye masikio ya kustahimili mdomo wake.

Basi alasiri moja akaja msusi.

Alikuwa mwanachama mpya, mwanamke wa makamo mwenye kicheko cha karibu, na alikuwa amenunua rivolva, bastola ile ya zamani yenye silinda inayozunguka, kutoka kwa mzee mmoja aliyeacha kupiga shabaha. Bastola ilikuwa nzuri, lakini mpini wake wa mpira ulikuwa umepasuka.

"Hodi, fundi."

"Karibu ndani."

Aliiweka juu ya kitambaa mezani, silinda wazi, mtutu ukielekea ukutani, kama sheria ya klabu ilivyotaka. Msasa hata hivyo alichungulia matundu yote mwenyewe. Chumbani mwake neno la mtu peke yake halikutosha.

"Inanizunguka mkononi," msusi alisema. "Risasi ya kwanza inakwenda katikati. Ya pili, sawa. Ikifika ya tano bastola imeshageuka kama mtoto anayekataa kuogeshwa."

Msasa alimshika mkono, akaugeuza kiganja juu, kama alivyofanya kwa kila mteja. Kiganja kilimeremeta.

"Mafuta," alisema.

"Mimi ni msusi, fundi. Ulitaka ukute unga?"

"Ungenawa kwa sabuni kabla ya kupiga."

"Nimenawa. Hayo unayoyaona ndiyo yaliyobaki baada ya sabuni. Yameniingia tangu nikiwa msichana, na sasa nadhani yameshahamia kwenye mifupa." Akaurudisha mkono wake. "Nataka mpini wa chale."

Msasa akamshushia mahubiri yake yote: mbao ni ngozi, uzuri wa mbao ni mishipa yake, chale ni pazia mbele ya dirisha. Msusi alisikiliza ameinamisha kichwa upande, kama anavyosikiliza mtu aliyezoea kusikiliza kwa kazi. Mahubiri yalipokwisha, akasema, "Sawa. Nitengenezee wa laini kwanza. Hata mimi mteja akiniomba mtindo ambao hautamfaa, simbishii. Namsuka nusu kichwa, halafu nampa kioo."

Msasa alitengeneza vibao viwili vya mpini kutoka kwenye mbao ya mtiki iliyokuwa mlango wa nyumba ya mtu. Alivisugua, akavipaka mafuta, akavisugua tena, mpaka mishipa ya mbao ikaonekana kama maji yanayopita chini ya kioo. Msusi alipokuja kuuchukua aliushika, akaupitishia kidole gumba.

"Mzuri mno," alisema.

"Najua," alisema Msasa.

Akaenda uwanjani. Msasa alibaki kwenye meza yake, akisikiliza kupitia ukutani. Risasi sita, moja moja, zenye pumzi katikati. Kisha mlango ukafunguka, na msusi akaweka karatasi ya shabaha mezani. Matundu mawili yalikuwa kwenye jicho jeusi. Matatu yalikuwa yametangatanga kuelekea kulia. La mwisho lilikuwa pembeni kabisa, kama mgeni asiye na hakika kama amealikwa.

"Mpini wako ni bibi harusi," alisema msusi. "Lakini bibi harusi huyu hataki kukaa nyumbani. Sasa unanichanjia chale au nikatafute mpira?"

Msasa alisikia mdomo wake ukisema, "Nitachanja," kabla kichwa chake hakijaulizwa.

Alichanja mpini mpya huku amekunja uso. Alianza pembeni kwa tupa ndogo ya makali, mstari mmoja baada ya mwingine, akishikilia rula, akizuia pumzi, akilaani. Siku ya kukabidhi, aliuweka mpini mezani umelala kifudifudi. Msusi akaugeuza. Hakuusifu wala hakuuponda. Alichomoa kwenye nywele zake chanuo lenye mkia mrefu, na kwa ncha ya ule mkia akaanza kuonyesha.

"Mstari huu umelewa," alisema. "Huyu jirani yake akamfuata, wakaanguka wote wawili. Na hapa chini ni sherehe nzima. Ulianzia wapi?"

"Pembeni," alisema Msasa. Masikio yalikuwa yakimwaka moto. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno kama hayo mbele ya jiliwa lake.

"Ndiyo maana. Kichwa hakianzwi pembeni, fundi. Unaanza katikati, unaweka mstari mmoja wa kweli, halafu wengine wote wanamtazama huyo. Na kichwa si meza, kina mviringo. Ukiulazimisha mstari kwa rula, utapinda. Ufuate mviringo, nao utaonekana umenyooka."

Akavuta kigoda, akaketi, akachukua penseli kwenye sikio la Msasa bila kuomba, na kipande kipya cha mbao. Akapiga mstari wa kwanza kwa pumzi moja. Msasa aliinama kuutazama. Ulipanda juu ya tumbo la mpini, ukashuka ng'ambo, haukutikisika hata mahali pamoja. Kule mtaani kwao, msusi alimweleza baadaye, wateja walimwita Mama Mistari, kwa sababu njia anazozigawa kichwani zinanyooka hata kwa mteja anayesinzia.

Walikaa bega kwa bega, yeye akichora, Msasa akikata. Dada alileta chai, akatazama vichwa viwili vilivyoinamia mbao moja, akaweka vikombe, akatoka. Kwa mara ya kwanza tangu klabu ifunguliwe, hakusema neno.

Mpini ule ulikuwa kitu kingine. Mama Mistari alipoupeleka uwanjani, risasi zote zililala kwenye jicho jeusi, zimekaribiana kiasi cha kufunikwa na kifuniko cha chupa. Alipiga kelele ya furaha hata nahodha wa timu, askari mstaafu ambaye kila mtu alimwita Afande, akamkumbusha kwamba pale si sokoni. Nyuma ya ukuta, Msasa alijikuta akilichekea jiliwa.

Furaha haikumaliza wiki. Mama Mistari alirudi na kitambaa kimefungwa kiganjani.

"Umenitafuna," alisema, akafungua. Chini ya kidole gumba ngozi ilikuwa imechubuka, imeinuka vipande vidogo. "Bastola ikipiga teke, inanisugua hapa. Jana nilikuwa namsuka mama mmoja, shangazi wa bibi harusi, uzi wa nywele ukanasa kwenye hiki kidonda, nikauvuta bila kujua. Fundi, alipiga ukunga! Fundi viatu wa jirani akaingia na nyundo, akidhani tumevamiwa."

Msasa alitaka kucheka, akaona kiganja, akaacha.

"Mikono hii ndiyo inayonilisha," alisema Mama Mistari. "Siwezi kulenga shabaha mwisho wa wiki halafu mwanzo wa wiki nikashindwa kusuka."

"Nitazipunguza makali."

Akazipunguza makali. Mpini ukaanza kuteleza tena. Akazichanja upya kwa kina kidogo zaidi, ukaanza kutafuna tena. Akajaribu vijimiraba vikubwa. Akajaribu vidogo. Kila jaribio lilitaka kuja kupima Alhamisi, na kila kupima kulitaka chai, na kila chai ilikuwa na mazungumzo yake.

Siku moja Msasa alimuuliza jambo lililokuwa likimwasha. Kwa nini msusi apende bastola?

"Kuna mteja wangu alinileta kutazama," alisema Mama Mistari. "Wakanipa vile viziba masikio. Nikavivaa. Fundi, dunia ikanyamaza. Kuanzia asubuhi mpaka jioni nasimama nyuma ya kiti, watu wananipa waume zao, wakwe zao, magonjwa yao. Nawapenda, sisemi siwapendi. Lakini pale kwenye mstari wa kulenga hakuna mtu anayeweza kunisimulia habari za mume wake. Kuna mimi na lile jicho jeusi, basi."

"Lakini ukija hapa huwa tunaongea."

"Hapa ni tofauti," alisema Mama Mistari. "Hapa mtu akiniambia kitu, ninakikumbuka nikifika nyumbani." Akanywa chai haraka, akaondoka mapema kuliko kawaida yake.

Msasa naye alishangaa jinsi ulimi wake ulivyolegea. Alimweleza habari za marehemu mkewe, aliyekuwa akiimba na redio kila asubuhi, na hakuna wimbo hata mmoja alioujua maneno yake yote. Hakuwa ameisema habari hiyo kwa mtu tangu msiba. Aliisema akicheka, na Mama Mistari akacheka naye, na hapakuwa na ubaya wowote.

Mwenye macho haambiwi tazama, na dada alikuwa na macho.

"Mpini mmoja," alisema siku moja wakiwa mezani nyumbani. "Tangu mvua zilipoanza mpaka zimekatika. Kabati letu la jikoni ulilijenga kwa wiki moja, na lina milango minne."

"Mpini ni kazi nyeti, dada."

"Nyeti kweli. Nakuona unavyonyoa ndevu kila Alhamisi."

Msasa akainamia sahani yake.

Wakati huo mashindano yalikuwa yamekaribia. Kila mwaka walishindana na klabu ya mji wa jirani, na kila mwaka walirudi mikono mitupu. Afande aliwakusanya wapigaji akawapa amri: kila mtu aamue kifaa chake sasa, hataki kuona mtu anajaribu kitu kipya siku ya mashindano. Kesho yake Mama Mistari alipopita klabu, Msasa hakuwepo, alikuwa amekwenda dukani kutafuta skrubu. Dada akaingia chumba cha kazi, akachukua mpini wa laini na mpini wa chale wa mwisho, akaifunga kwenye karatasi.

"Fundi amesema kazi yake imekwisha," alimwambia. "Chagua mwenyewe utakaokufaa."

Mama Mistari alikitazama kile kifurushi. "Amesema imekwisha?"

"Amesema."

Akashukuru, akaondoka, akaacha chai yake nusu kikombe.

Alhamisi ilipofika Msasa alinyoa ndevu, akapanga vigoda viwili, akangoja. Hakuja mtu. Alhamisi iliyofuata alinyoa akajikata kidevuni. Alichukua ubao akaanza kuupiga randa bila sababu, akaendelea mpaka ubao ukawa maranda matupu sakafuni. Nyumbani hakula vizuri, na dada, aliyeweza kustahimili mengi lakini si chakula chake kurudishwa, akaweka kijiko chini.

"Mimi ndiye niliyemwambia umemaliza kazi."

Msasa alinyanyua kichwa. "Wewe? Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu mngekaa kwenye vile vigoda mpaka mbao zote za dunia ziishe. Wewe unachanja, yeye anapima, mnazeeka. Mdogo wangu, nimeuziba mlango wa uani makusudi, ili upite mlango wa mbele kama mwanamume."

Msasa alikasirika. Alisimama, akaizunguka meza, akaketi.

"Atakuwa amenichukia."

"Hajakuchukia. Alitoka akiwa amenuna, na mtu hanuni kwa sababu ya mbao. Saluni yake iko karibu na duka la vioo. Kesho hufungui kile chumba mpaka umekwenda."

Msasa hakuwa ameingia saluni ya wanawake maishani mwake. Aliusukuma mlango asubuhi ile, joto na harufu ya mafuta na nywele zilizounguzwa vikamlaki pamoja, na katika vile vioo vya ukutani akajiona yeye mara nne, amesimama na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kukiri wizi. Mteja mmoja alikuwa kitini, nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama. Wa pili alikaa kwenye benchi akingoja zamu. Wa tatu alikuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, inayonguruma, hasikii kitu. Mama Mistari alisimama nyuma ya kiti. Mikono yake iliendelea kusuka, lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

"Samahani," alisema Msasa. "Nimekuja kuhusu mpini."

"Mpini si umekwisha?" alisema Mama Mistari. "Ndivyo ulivyosema."

"Sikusema mimi. Alisema dada."

"Kwa hiyo haujaisha?"

"Haujaisha."

Mteja wa kitini aligeuza shingo kadiri alivyoweza. "Mpini wa nini, jamani?"

Msasa akiogopa huongea habari za kazi, na siku hiyo aliogopa sana. "Kuna wa laini na kuna wa chale," alisema mbio mbio. "Wa laini hauumizi, ila unateleza. Wa chale unashika barabara, ila unatafuna."

Wale wanawake wawili wakatazamana.

"Mimi niliolewa na wa laini," alisema yule wa kwenye benchi, taratibu. "Aliteleza akaenda zake."

"Wangu ni wa chale," alisema wa kitini. "Ananitafuna, lakini yupo."

Yule wa tatu alikuwa ameona midomo ikicheza. Akatoa kichwa kwenye mashine. "Mnaongea nini?"

"Waume," wakamjibu. "Laini au chale?"

"Laini!" alipaza sauti bila kuomba maelezo, akarudi ndani ya mngurumo wake.

Mama Mistari alicheka mpaka akaachia nywele za mteja. Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akazishika tena, akaendelea kusuka huku mabega bado yanamtikisika. Na Msasa, ambaye hakujua atazame wapi, alitazama ile mikono.

Hakuwa ameiona ikiwa kazini. Vidole vitatu ndivyo vilivyoshika, vikivuta nywele na kuzikaza kwa nguvu ambayo hakuitegemea. Lakini pale chini ya kidole gumba, pale palipochubuliwa na mpini wake, hapakuvuta kitu. Paliegemea tu juu ya kichwa cha mteja, pakiteleza polepole kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, kama mtu anayembembeleza mtoto. Yeye alikuwa amechanja chale mpini mzima, mbele na nyuma, kwa sababu ndivyo mipini ya chale inavyochanjwa. Hakuwahi kuuliza ni sehemu gani ya mkono inashika na ipi inapumzika.

"Usisogee," alisema.

Alipita katikati ya viti, akachomoa penseli sikioni, akamshika Mama Mistari mkono mbele ya kadamnasi ile, akachora mstari kiganjani mwake.

"Huku mbele, vinapokaa vidole, chale. Huku nyuma, bastola inapopiga teke, laini."

"Kwenye mpini mmoja?"

"Mmoja."

Mama Mistari alikitazama kiganja chake. "Utakuwa na sura mbaya."

"Mbaya sana," alisema Msasa kwa furaha. Hakuuachia mkono. "Na kitu kingine. Ule mpini, mimi ningeweza kuumaliza zamani. Sikutaka uishe."

Mama Mistari alikohoa kidogo.

"Ule wa vijimiraba vikubwa haukuwa na kasoro yoyote," alisema. "Nilidanganya tu kwamba unakwaruza."

"Jamani," alisema mteja wa kitini, nusu kichwa kikiwa bado kimesimama, "nisukwe au nilie?"

Mpini ulikamilika kwa siku mbili. Mama Mistari alichora mistari, akianzia katikati, na Msasa akachanja sehemu ya mbele tu, kisha akailainisha sehemu ya nyuma mpaka ikang'aa. Dada aliuinua, akaugeuza huku na huku.

"Kama mbuzi aliyenyolewa nusu, kinyozi akaitwa msibani," alisema. Lakini aliuweka chini kwa upole.

Afande alilalamika kwamba alikataza vitu vipya, akaambiwa kwamba kitu hiki kimekuwa kikitengenezwa tangu mvua zilipoanza, hakiwezi kuitwa kipya.

Siku ya mashindano walikwenda wote kwa basi la kukodi. Msasa hakuwa na desturi ya kwenda. Siku zote alisema kazi yake inaishia mezani. Safari hii alikaa kwenye benchi la watazamaji, dada kushoto kwake na chupa ya chai, na alipoona Mama Mistari anavaa viziba masikio, yeye ndiye aliyetokwa na jasho mikononi. Mama Mistari alisimama, akashusha mabega, akapumua. Kwa muda ule hakuna mtu aliyeweza kumsimulia kitu. Akapiga, akapumua, akapiga. Msasa alikuwa akiitazama bastola, si shabaha, na aliona kwamba kila ilipopiga teke ilirudi mahali pale pale, haikugeuka hata kidogo.

Karatasi ilipoletwa, jicho jeusi lilikuwa na tundu moja kubwa lenye kingo za kuchanika, na tundu jingine moja dogo pembeni yake. Hapakuwa na karatasi nzuri kuliko ile siku nzima.

Klabu hata hivyo ilishindwa, tena kwa kidogo sana, na wa kulaumiwa alikuwa Afande. Alikuwa amenunua miwani mipya juzi yake, na raundi ya mwisho akaipiga yote, kwa ustadi mkubwa, kwenye shabaha ya jirani.

Mwanamke mmoja wa ile klabu nyingine alimfuata Mama Mistari kabla hawajapanda basi, akaomba aione ile rivolva. Mama Mistari aliifungua silinda, akamwonyesha kwamba ni tupu, akampa.

"Nani amekutengenezea kitu cha kutisha namna hii?" aliuliza yule mwanamke, akijaribu kukishika. Vidole vyake virefu viliangukia kwenye laini, na gumba likakaa juu ya chale. "Mbona haunikai?"

"Hauwezi kukukaa," alisema Mama Mistari. "Fundi wangu aliupima kwangu."

Msasa alikuwa nyuma yake, amebeba mkoba. Alilisikia lile neno, "wangu", akalitafuna taratibu mpaka kwenye ngazi za basi.

Ndani ya basi dada alikuwa ameshakaa. Kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yake aliweka chupa ya chai, kwenye cha nyuma yake akaweka kikapu, na cha ng'ambo akakinyooshea miguu. Kikabaki kiti kimoja, kando ya Msasa. Mama Mistari aliketi, akakiweka kiganja chake juu ya goti, akakigeuza. Hakikuwa kimechubuka popote.

Basi likaondoka. Mbele, Afande aliifuta miwani yake mipya kwa mara nyingine, huku wenzake wakimuuliza kama anamwona dereva. Dada akafungua chupa, akamimina, akageuka nyuma na kikombe mkononi.

"Chai, wifi?"

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ilifika mpaka kwa dereva. Msasa akatazama nje ya dirisha, akaona miti ikipita, masikio yakimwaka moto.

"Nipe, wifi," alisema Mama Mistari, akanyoosha mkono. "Na huyu hapa mmiminie pia. Naona koo limemkauka."